Sarafu Iliyopata Hamsini na Nane

"Hamsini na nane ndiyo alama ya kujivunia, Bi Shemsa? Queen wangu akiniletea hiyo ya Hisabati, siku hiyo chai anaisikia harufu tu."

"Sarafu haisomi shule, Mama Queen."

"Basi alama walizipa za nini?"

Bi Shemsa aliendelea kuchambua mchele, maana hata yeye hakujua. Baraza ya nyumba yao ya Chumbageni ilikuwa imejaa majirani, na habari ilikuwa moja tu: baada ya swala ya Ijumaa, mtathmini angekuja kuangalia sarafu za kale za mumewe, Mzee Nabhan. Mzee alizikusanya tangu ujana wake. Mwanawe Badr, aliyeko Maskati, alizipeleka kwa wataalamu wa kupima ubora wa sarafu, zikarudi kila moja imezibwa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu chenye karatasi ya namba na alama ya ubora. Sasa mzee alitaka kujua thamani yake, auze chache na kuezeka nyumba kabla ya masika. Masika yaliyopita, Bi Shemsa alilala na beseni kitandani.

"Hii ya mizani ndiyo ya mwisho darasani," alisema Mama Queen, akirudisha kikasha mezani. "Wenzake wana sitini na kitu." Akachukua ungo wake, akaenda zake.

Bayan, mjukuu wao wa darasa la sita, aliyasikia yote. Alikuwa uani akisugua masinia ya shaba kwa ukwaju na majivu, kama ilivyo desturi Idi ya kuchinja ikikaribia. Alilitazama sinia lililong'aa, kisha akaikumbuka ile pesa ya Zanzibar yenye picha ya mizani. Nayo ilikuwa ya shaba, lakini rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyofifia. Je, ndiyo sababu ilipata alama ndogo? Ikisafishwa, haitapanda?

Watu walipotawanyika, aliichukua. Kikasha kiligoma kufunguka, akakivunja kwa mchi. Alisugua polepole, na mizani ikajitokeza, nyekundu na safi. Bayan alifurahi. Vipande vya kikasha alivificha chini ya godoro, akairudisha sarafu kwenye sanduku la Babu ili mchana iwashangaze wote.

Baada ya swala majirani walijaa tena, safari hii sebuleni, na mtathmini, Bwana Noa, akafika na kioo cha kukuzia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usishangae umati huu. Hapa kwetu hata fundi wa redio anatazamwa."

Mama Queen hakungoja. "Hebu tuambie kwanza, mwalimu. Hamsini na nane ni kufaulu au kufeli?"

Bwana Noa alicheka. "Kufaulu vizuri sana, mama. Alama hizi mwisho wake sabini, si mia. Yenye hamsini na nane karibu haijachakaa kabisa."

Bayan alilitupia jicho sanduku.

Bwana Noa alizipitia sarafu moja moja, mpaka akaifikia iliyokuwa bila kikasha. Akaigeuza mara mbili, akaacha kutabasamu. "Hii imesuguliwa. Kikasha chake kiko wapi?"

Mzee Nabhan alipekua sanduku, hakukiona.

"Mzee, nisiwe mkali. Lakini moja ikitolewa na asijulikane aliyeitoa, nitajuaje kwamba ndiyo yenyewe? Nitajuaje kama hizi nyingine hazikuchezewa? Siwezi kutia saini kwenye hati ya thamani."

Macho ya watu yalimgeukia Mama Queen.

"Msinitazame mimi. Niliishika, nikairudisha, Bi Shemsa ameona."

"Nilikuona ukiishika," alisema Bi Shemsa taratibu. "Kurudisha, macho yangu yalikuwa kwenye mchele."

Mama Queen alisimama kuondoka. Bayan akamtangulia mlangoni.

"Ni mimi, Babu. Nilitaka ipate alama kubwa." Akakimbia ndani, akarudi na vipande vya kikasha na karatasi yake.

Bwana Noa aliingiza namba ya karatasi kwenye simu. Ikatokea picha ya sarafu kama ilivyokuwa kabla ya kusuguliwa, na mkwaruzo mdogo kando ya mizani. Akatazama kwa kioo. Mkwaruzo ulikuwepo.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ila ile rangi ya kahawia ndiyo iliyokuwa umri wake, binti, zaidi ya miaka mia. Ikishasuguliwa hairudi. Sehemu kubwa ya thamani yake imekwenda." Kisha akavuta sanduku karibu, akazikagua nyingine zote upya, mihuri na namba, na mwisho akatia saini. "Hizi ni salama, mzee. Paa utaezeka."

Mzee Nabhan alimwita Bayan karibu. "Ulitaka kusaidia, lakini hukuuliza. Kitu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Ila ungenyamaza, nyumba ingeendelea kuvuja, na jirani yetu angetoka hapa na jina la mwizi. Ukiharibu, sema mapema, kama leo."

Mama Queen bado alikuwa amesimama kizingitini. "Na mimi mdomo wangu, na hizo alama zangu za Hisabati, ndivyo vilivyomponza mtoto," alinong'ona.

Bi Shemsa alitazama chini kidogo, kisha akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi. "Nisamehe, jirani. Vua viatu uingie, ukae hapa kati yangu na Bayan. Wali unapoa."