Mstari wa Maharagwe Mtaroni

Kila akitoka shule, Uwineza hakuingia ndani kabla ya kuyapitia maharagwe yake. Bibi yake, Mukankusi, ambaye yeye humwita Nyogokuru, alimpa kipande cha shamba lao la mteremkoni, huko Masaka. "Ukikitunza vizuri msimu huu, kitakuwa chako," alimwambia.

Tatizo lilikuwa mtaro. Ulikata shamba kwa upana ili kushika maji ya mvua, na kwa Uwineza ilikuwa nafasi iliyokaa bure. Jumamosi, bibi alipokwenda Gisozi kumwona dada yake na kulala huko, Uwineza aliufukia wote, akapanda juu yake mstari mzima wa maharagwe. Alijiona mjanja kweli!

Alasiri mvua kubwa ikashuka. Maji yalikosa pa kutulia, yakateremka mbio, yakang'oa maharagwe na kuzoa udongo mweusi. Ukabaki udongo mwekundu, mgumu.

Jumapili asubuhi, jirani wa chini, mzee Nkusi, aliita akicheka. "Uwineza! Shamba yako imehamia kwangu, na haikupiga hata hodi!"

Uwineza hakucheka. Bibi angerudi baada ya misa, na kipande kile kingemponyoka.

Ingrid, binti wa Nkusi, alikuwa afisa kilimo. Uwineza aliposhuka kwao, Ingrid aliokota bonge la udongo mweusi. "Huu una kaboni nyingi, mdogo wangu. Mimea huivuta hewani. Majani na mizizi ikioza, kaboni nyingine hubaki udongoni. Maji yakiubeba udongo, sehemu ya kaboni huzikwa huku bondeni, sehemu hurudi hewani na kuongeza joto duniani. Na huko juu unabaki na udongo wenye njaa."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema ukweli, kisha shika jembe."

Wakafukua mtaro, wakapandisha udongo kwa karai. Bibi aliwakuta wamechafuka mpaka magotini.

"Nyogokuru, mtaro niliufukia mimi," Uwineza alisema haraka. "Nilitaka maharagwe mengi. Nisamehe."

Bibi aliutazama mtaro, kisha akatabasamu. "Kipande bado ni chako, maana umesema kabla sijauliza. Lakini sikia, mwanangu. Babu yako aliulisha udongo huu samadi na majani miaka thelathini, na mvua ya alasiri moja imeushusha. Kulima si kupanda tu, ni kuulinda udongo pia, kwa ajili ya chakula chetu na hewa ya watu wote."

Akavua viatu vyake vya misa, akaviweka kando.

"Haya, nipe jembe. Mtaro huu bado haujafikia kina chake."