Siku Kumi na Moja za Maji ya Kubuni

Kila alasiri, shule iwe imefunguliwa au imefungwa, nilikuwa na kazi yangu mferejini. Baba alichomeka pale mti mrefu wenye alama za inchi, hatua chache kutoka lango la maji. Nilisoma maji yamefika alama gani, nikaandika namba kwenye daftari, kisha jioni nikamtumia dada Kamla kwa simu ya Baba. Ilikuwa kazi ya dakika moja, ukiacha dakika ishirini za kwenda na ishirini za kurudi.

Kijiji chetu, Klein Vrede, kiko chini kuliko bahari. Bahari ikijaa, Mjomba Cuthbert, mtunza lango, hulifunga ili isituingilie, na ikipwa hulifungua ili maji ya mashambani yatoke. Lakini mdomo wa mfereji ukiziba kwa matope, hata lango likiwa wazi maji hayaendi popote, na mpunga huoza ukiwa umesimama. Hilo tunalijua kabla hatujajua kusoma.

Dada Kamla alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, huko Georgetown, mji mkuu wa nchi yetu, na nyumbani tulimwona Jumamosi. Fani yake kuu ilikuwa kilimo, na fani ndogo ilikuwa takwimu. Kilimo Baba alikielewa. Takwimu ndiyo iliyompa cha kumtania.

"Hako kasomo kako ka pembeni ni ka nini hasa?" alikuwa akimwuliza. "Kuhesabu si ulifundishwa darasa la kwanza?"

Dada alicheka tu. Ripoti yake ya fani hiyo ndogo ilihusu mfereji wetu, na halmashauri ya kijiji nayo ilizitaka namba hizo. Katapila la kuzoa matope lilikuwa moja, vijiji viwili vinaligombea, na ilibidi kujulikana ni mfereji upi uliokuwa umeziba zaidi. Mpunga wa Baba ulibakiza wiki tatu kuvunwa, na mvua za Mei zilikuwa njiani.

Ikaja Pasaka. Kwetu Pasaka ni vishada. Wakristo, Wahindu, Waislamu, sote tunakwenda kwenye ukuta wa bahari kurusha vishada, na mwaka ule mimi na rafiki yangu Shondell tuliapa kwamba chetu, kwa ulimi wake wa karatasi unaovuma upeponi, kingepiga kelele kuliko vyote. Siku ya kwanza ya kukitengeneza nilisahau mfereji kabisa. Jioni Baba akaniuliza namba, nikajikuta nimetaja ishirini na tisa. Hakuna aliyeshtuka.

Siku ya pili sikusahau. Niliona uvivu tu. Nikawa mjanja zaidi: nilihakikisha namba ya leo haifanani na ya jana, maana niliona namba zinazojirudia ndizo zitakazonishitaki. Na kwa kuwa mvua haikunyesha, niliyashusha maji kidogo kidogo, yakipanda leo, yakishuka kesho, mpaka yakafika ishirini na sita. Nilifanya hivyo siku kumi na moja. Naona haya kuliandika hili, lakini nilijiona fundi.

Jumamosi iliyofuata Dada alikuja. Tulikaa chini ya nyumba, katikati ya nguzo zinazoiinua, tumeshiba chapati na bilinganya, Baba akiwa kwenye bembea yake ya wavu. Akaanza utani wake wa kasomo ka pembeni. Safari hii Dada alimpa karatasi na kunipa mimi dadu la ludo.

"Baba, andika namba ishirini za kubuni, kama vile umerusha dadu," alisema. "Roshnie, wewe rusha kwelikweli, mara ishirini, uandike. Mimi nakwenda kuosha vyombo. Nikirudi nitawaambia ipi ni ipi."

Tulifanya hivyo. Baba alificha karatasi zote mbili, akazichanganya, akaziweka mezani. Dada alirudi akipangusa mikono, akazitazama kwa kitambo kidogo tu, akaigusa moja.

"Hii ni yako, Baba."

Baba aliinuka kwenye bembea. Akamwuliza alikuwa akichungulia kupitia wapi.

"Sikuchungulia. Tazama ya Roshnie: nne, nne, nne, halafu moja, moja. Dadu halioni haya kujirudia. Yako haijirudii hata mara moja. Mtu akibuni namba huogopa kujirudia, anaona zitaonekana za uongo."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nililitazama daftari langu pale mezani.

"Hata maji yako hivyo," Dada aliendelea, akivuta daftari langu. "Tazama. Thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na mbili tena..." Akafungua ukurasa. Kidole chake kikasimama.

Alichukua penseli. Alizungushia namba moja, akazungushia iliyofuata, na aliendelea hivyo. Nilihesabu pamoja naye moyoni. Alipofika kumi na moja aliiweka penseli chini. Siku kumi na moja, wala hakukosea hata moja. Niliwaza nani amenisema. Shondell? Lakini hata Shondell hakujua idadi. Hakuna aliyenisema. Namba zenyewe zilinisema.

"Siku hizi ulikuwa wapi, Roshnie?"

Nilimwambia. Baba hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alivaa viatu vyake vya mpira, tukaondoka sote watatu kwenda mferejini.

Maji yalikuwa yamefika alama ya thelathini na tisa. Baba aliweka mikono kichwani. Mimi nilikuwa nimeandika ishirini na sita.

Mjomba Cuthbert alitoka kwenye kibanda chake cha lango, mahali alipofanya kazi tangu Baba akiwa kijana. Dada alimweleza, na mzee akanitazama mimi, si yeye.

"Nilimwambia mwenyekiti maji hayatoki," alisema taratibu. "Akanionyesha karatasi yenye namba zenu. Akasema katapila litakwenda kwa jirani. Mwanangu, nilirudi hapa nikidhani macho yangu yamezeeka."

Hapo ndipo nilipolia. Kukamatwa kulinishtua, lakini maneno yale yalinishtua kuliko yote. Sikujua kwamba namba yangu moja ya uongo ingeweza kumfanya mtu mzima ayatilie shaka macho yake.

Jumatatu jioni kulikuwa na mkutano wa kijiji. Dada alisema angeweza kunisemea, Baba akakataa. Nilisimama mbele ya mwenyekiti, Bibi Waldron, na watu wote wenye mashamba, nikasema siku kumi na moja nilizibuni mimi, na kwamba Mjomba Cuthbert alisema kweli. Kisha Bibi Waldron akamgeukia mzee akamwomba radhi, akaamuru mfereji ukapimwe upya asubuhi iliyofuata.

Katapila lilikuja Alhamisi. Mpunga wa mabondeni ulikuwa umeanza kuoza, na Baba akapoteza kipande kizima. Uliobaki tuliuvuna kabla ya mvua.

Dada aliandika ripoti yake. Nilidhani angeziba mapengo yangu kwa namba nyingine nzuri zaidi, kwa vile yeye ndiye mtaalamu. Aliyaacha wazi, visanduku kumi na moja vitupu katika jedwali lake, na chini yake akaandika sababu. Nikamwuliza kama mwalimu wake hatampunguzia alama.

"Huenda," alisema. "Lakini nisikilize, mdogo wangu. Ungeacha kisanduku kitupu, tungejua kwamba hatujui, na mtu angekwenda kutazama. Wewe ulikijaza uongo, tukadhani tunajua, tukakaa. Usipokwenda, andika kwamba hukwenda. Hiyo nayo ni namba ya kweli."

Nilirudi kazini siku ile ile katapila lilipomaliza. Maji yalishuka hadi thelathini, yakatulia hapo. Siku ya tatu Baba alichungulia daftari akakunja uso.

"Thelathini, thelathini, thelathini?"

"Ndiyo, Baba. Nenda katazame."

Alivaa viatu vyake vya mpira akaenda, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi. Aliporudi aliketi kwenye bembea yake, akavua viatu, akasema ni thelathini kweli.