Jina Lisilofutwa Getini

Looo, huyo Shemeji! Mtaa mzima unamwita hivyo. Ukimwona na miwani yake iliyofungwa uzi utasema hajui hata kuwasha pasi, kumbe chumbani ana mashine, eti ni geti! Watu wamefungia siri zao kwenye mtandao, na anayetaka kufungua yake anapitia kwake. Ufunguo umekatwa vipande vitano, kila kipande kwa mtu wake, nchi mbalimbali. Geti likiuliza, watatu wakijibu "Tayari", siri inafunguka. Mmoja peke yake atabaki kukodoa macho tu!

Mmoja wa hao watano alikuwa kaka yake, baba wa Kishingo, binti ambaye Shemeji na mkewe wanamlea. Kaka akafa. Sheria yao, mtu akifa jina lifutwe. Shemeji mkono ukawa mzito.

"Nikimfuta, nimemzika mara mbili," akamwambia mkewe.

Mchana mmoja jina la marehemu likajibu: Tayari. Mashine ya marehemu ilishakufa zamani, boksi lake kuku wanatagia! Na geti lilikuwa halijauliza.

"Mke wangu, njoo usome."

"Sisomi. Mbona kunanuka nywele zilizoungua?"

Basi kila siku jibu likawa linawahi zaidi, kabla ya swali, kabla ya mtu kugusa kitu, na ile harufu ikitoka chumbani ikipita sebuleni ikisimama nyuma ya kiti cha Kishingo, mpaka mkewe, mama wa watu, akawa anasonga ugali mwiko unagonga sufuria kama meno.

Wakamleta mganga, mama mmoja mfupi. Hata kukaa hakukaa.

"Mmeacha kiti wazi, kimekaliwa. Futa."

Kishingo akamshika mkono Shemeji. "Baba mdogo, sauti aliyoniachia baba imefungwa humo. Siku hizi wanaojibu ni wawili tu, ukimfuta haifunguki tena. Nisikie mara moja tu."

Nani angekataa? Geti likauliza, wawili wakajibu, na marehemu. Binti akaweka spika sikioni.

"Anasemaje?" mke wa Shemeji akanong'ona.

"Hasemi. Anahema. Yuko karibu."

Shemeji akafuta jina. Harufu ikakata papo hapo. Walicheka siku hiyo, walicheka mpaka machozi!

Juzi mkewe yuko uani anafua, akawaza amwite Kishingo amletee ndoo. Kuwaza tu, mdomo hajafungua.

Ndani, kwa sauti ya Kishingo, kukaitika, "Tayari."

Na upepo ukaleta harufu ya nywele zilizoungua.