Vivuli vya Vyeti vya Haroub

Haroub Nyange alikuwa na shahada moja, vyeti vinne vya kompyuta na suruali moja ya usaili. Suruali hiyo ilikwishakwenda kwenye usaili mara kumi na saba, Wete, Chake, Mkoani na mpaka Unguja, na mara zote kumi na saba ilirudi nyumbani Makangale na mwenyewe, wote wawili wamekosa.

Jioni ile alikuwa Konde, jasho linamtoka, anatafuta kivuli.

Naam, kivuli. Si cha kupumzikia. Tangazo la kazi lilisema kama yasemavyo matangazo yote ya visiwani: mwombaji aambatanishe vivuli vya vyeti vyake, yaani fotokopi, viwili viwili, na akiitwa aje na vyeti vya asili. Mwisho wa kupokea maombi ni kesho saa tatu asubuhi, Wete, kwa mkono. Na Konde nzima umeme ulikatika tangu adhuhuri. Mzee Duni, mwenye duka la fotokopi, alikaa barazani anajipepea na kipande cha boksi.

"Hata kimoja, Mzee Duni?"

"Mwanangu, mashine haiendi kwa dua. Ila vyeti vyako miye nshavihifadhi kwa moyo, kwa mara nilizovitoa. Nikuandikie kwa kalamu?"

Watu wa barazani wakacheka. Haroub naye akacheka, maana asiyecheka na wenzake huonekana ana lake.

Alicheka kwa mdomo tu. Nyumbani mama yake, Bi Mwanapili, alikwishauza shamba lote la mikarafuu, mti wa mwisho ukiwemo, ili mwanawe asome chuo. Paa lao lilikuwa likivuja mpaka mvua ikinyesha walikuwa hawajui waingie ndani au watoke nje. Na tangazo lile lilisema wazi: umri usizidi miaka thelathini na tano. Haroub alikuwa amebakiza miezi miwili. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Panda, msomi!"

Alikuwa Jabir na bodaboda yake. Jabir na Haroub walisoma dawati moja mpaka kidato cha pili. Jabir alikuwa akinakili kila anachoandika Haroub, mpaka siku moja akanakili na jina. Leo ana bodaboda tatu na nyumba ya matofali.

"Nakupeleka bure," akasema Jabir. "Nikipokea hela yako nitaota vibaya."

Wakaenda wakitaniana mpaka mwanzo wa msitu wa Ngezi. Hapo Jabir akafunga breki.

"Shuka."

"Kwetu si bado?"

"Bado. Lakini miye Ngezi wakati wa Magharibi sipiti. Weye umesoma sana, Haroub, ila mengine hayasomeshwi. Lala kwangu, uende asubuhi."

"Nina maombi ya kuandika."

"Basi Mungu akulinde na maombi yako." Akageuza, akaondoka mbio kama anadaiwa.

Haroub akaingia msituni kwa miguu, bahasha kwapani. Popo wakubwa walikuwa wakiruka juu ya miti, vyaf, vyaf… Kisha wakanyamaza. Wadudu wakanyamaza. Akabaki anasikia viatu vyake tu.

Halafu ikaja harufu.

Udi. Na chini ya udi, wino wa moto.

Mbele, kando ya barabara aliyoipita tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kulikuwa na kibanda cha udongo ambacho hakuwahi kukiona. Mlangoni mwanga wa kijani ulikuwa ukipita na kurudi… ukipita na kurudi… Juu yake kibao: TUNATOA VIVULI.

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini Haroub jioni ile hakuwa mtu mwenye akili. Alikuwa mtu mwenye maombi yanayofungwa kesho saa tatu.

"Hodi! Assalaamu alaykum!"

"Karibu, Haroub."

Salamu haikujibiwa. Na jina lake hakuwa amelitaja. Akajiambia, mama huyu atakuwa mtu wa hapa hapa, ananijua. Ndani alikaa mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi, uso ameuinamisha. Pembeni yake mashine, pana kama sanduku la bibi harusi. Haroub akatafuta waya kwa macho. Hakuna waya.

Sola, akajiambia. Siku hizi kila kitu sola.

"Wataka kivuli?" Sauti ya mwanamke ilikuwa ya chini mno.

"Ndiyo, bi mkubwa. Viwili viwili."

"Cha vyeti… au cha mwenye vyeti?"

Haroub akacheka. Alidhani ni utani, na utani wa Pemba hujibiwa kwa utani. "Toa vyote! Ilimradi niitwe kazini."

"Sema tena."

"Nasema toa vyote. Ilimradi niitwe."

"Weka nkono."

Akampa bahasha, akaweka mkono juu ya kioo. Kilikuwa na joto. Si joto la mashine… joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala. Na kilikuwa kikipanda na kushuka.

Kilikuwa kikipumua.

Mwanga ukapita. Haroub akahisi kitu kikimvuta visiginoni, kama mchanga unavyovutwa chini ya nyayo maji yakirudi. Harufu ya nywele zilizoungua. Karatasi zikaanza kutoka, moja baada ya moja, nyeusi tiii, kisha taratibu zikapata maandishi. Mwanamke akazipanga, akaziunganisha na zile alizokuja nazo Haroub.

"Kiasi gani, bi mkubwa?"

"Ushatoa." Akamsogezea bahasha. Kiganja chake hakikuwa na mstari hata mmoja, kimelainika kama karatasi. "Angalia usichanganye. Kivuli na asili vikichanganyika, anayechagua ni mwenye ofisi."

Haroub alifika kwao Isha inaadhiniwa, hakumbuki alivyotembea. Bi Mwanapili alikuwa uani anaepua muhogo. Akaingia na taa ya chemli, akamtazama mwanawe, akasimama.

"Haroub, mbona umekuja nusu?"

"Nusu vipi, mama?"

Bi Mwanapili akasogea. Akainua taa. Ukutani kikaonekana kivuli cha kigoda. Kivuli cha mtungi. Kivuli cha bahasha, imening'inia hewani.

Hakuna aliyeishika.

"Mwanangu weye," akanong'ona Bi Mwanapili, "umepita wapi? Na umesema nini?"

Akamwambia. Bi Mwanapili akakaa chini polepole.

"Basi utaitwa," akasema.

Alfajiri wakaenda kwa shehe wa kijiji. Shehe akasoma, akapuliza, akatazama sakafuni pale Haroub aliposimama, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya Kojani. Viatu alivivalia njiani. Na Haroub? Saa tatu kasoro dakika tano alikuwa Wete, anakabidhi maombi. Msimlaumu. Mtu aliyengoja miaka kumi hafi kwa kukosa kivuli, hufa kwa kukosa kazi.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Ujumbe: Umeitwa kazini. Ripoti Jumatatu saa moja na nusu.

Hata usaili hakufanyiwa! Bi Mwanapili alilia, na Haroub hakujua ni kilio gani. Jumatatu akavaa suruali yake, ambayo nayo ilistahili pongezi, akafika mapokezi saa moja na robo. Pale alikaa msichana anayeitwa Nadhira.

"Naitwa Haroub Nyange. Nimeitwa kuripoti."

Nadhira akamtazama kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. "Haroub Nyange keshafika, kaka. Tangu saa kumi na mbili. Mashaallah, mtu yule hata chai haendi."

"Dada, Haroub ni mimi. Hivi hapa vyeti vyangu, asili."

Akafungua bahasha. Karatasi zilikuwa za kijivu. Mihuri imevimba, kingo zimepigwa weusi, picha yake imekuwa doa.

"Hivi ni vivuli," akasema Nadhira, kwa upole. "Tunataka mwenye asili."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Haroub akachungulia.

Akajiona.

Amekaa mezani, shati limenyooka, mgongo umenyooka, anafanya kazi. Yule mtu akainua uso. Akatabasamu kwa meno ya Haroub. Kisha akanyanyua kalamu.

Mkono wa Haroub ukanyanyuka.

Akajaribu kuushusha. Haukushuka. Yule akaandika, na vidole vya Haroub vikaandika hewani. Yule akasimama kwenda kabatini, na miguu ya Haroub ikamtoa mbio mpaka nje, ikambandika kwenye ukuta wa ofisi, upande wa jua. Hapo akafanya kazi kutwa nzima. Wapita njia wa Wete wakamwona kijana anachapa kompyuta isiyokuwepo, anapokea simu isiyokuwepo, anamchekea bosi asiyekuwepo. Wengine walirusha shilingi. Mmoja alisema, "Maskini, kusoma kumemzidi."

Adhuhuri akasikia mnong'ono ukutani, karibu na sikio lake.

"Usishindane naye… Ukishindana anavuta."

Akageuza macho, maana macho ndiyo pekee yaliyobaki kuwa yake. Ukutani, kando yake, kulikuwa na mtu. Bapa. Mwembamba kama rangi. Naye alikuwa akichapa hewani. Haroub akamtambua: Abdulnasir, aliyekuwa wa kwanza darasani kwao chuoni. Wote waliambiwa alipata kazi nzuri.

"Abdulnasir… si tulisoma sisi?"

"Tulisoma. Ndiyo maana vimetoka safi. Asiyesoma kivuli chake hakitakiwi." Vidole vyake havikusimama. "Mimi mwaka wa nne huu."

"Yule mwanamke ni nani?"

"Hatujui. Miye nilimkuta Mkoani, bandarini. Tulisema nini sote? Niitwe. Basi tumeitwa."

Saa tisa na nusu yule wa ndani akatoka, akapanda gari ya Makangale, na Haroub akaburutwa nyuma yake, juu ya lami, juu ya mawe, juu ya matope ya Ngezi, bila kuchubuka. Kutochubuka ndiko kulikomtisha zaidi. Njiani Jabir akapita na bodaboda yake.

"Bosi!" Jabir akampigia honi yule. "Nilisema utafika! Somo la mwaka huu ni wewe, wanangu nitawasomesha wote!"

Haroub alitaka kupiga kelele: Usiwasomeshe! Au wasomeshe, lakini waambie… Waambie nini? Yule hakufungua mdomo. Na mdomo wa Haroub haukufunguka.

Siku zikaenda, na kila siku Haroub alipungua unene. Wiki ya kwanza watu walikuwa bado wanamkwepa njiani. Wiki ya tatu wakampita juu. Mwisho wa mwezi mabati mapya yakapigwa kwenye paa la Bi Mwanapili, mafundi wakishinda wanamkanyaga usoni. Majirani wakaja kupongeza. Wakasema shule inalipa, jamani, hata ikichelewa.

Bi Mwanapili peke yake hakumkanyaga. Akipita na sinia alikuwa akizunguka pembeni, anainua ncha ya kanga isiburuzike kifuani mwa mwanawe.

Alikuwa anajua.

Jioni moja yule alikuwa mkekani anakula wali na mchuzi wa pweza, na Haroub amelala nyuma yake, nusu sakafuni nusu ukutani, anatafuna hewa. Mvua ilikuwa ikipiga bati jipya. Hakuna tone lililoingia. Bi Mwanapili akainama kama anayeokota punje ya wali, mdomo karibu na sakafu.

"Haroub. Najua ni weye."

Moyo wa Haroub ukaruka, kama bado alikuwa nao.

"Nilitaka kumfukuza siku ile ya mwanzo. Wallahi nilishika mchi. Halafu nikafikiri… akiondoka huyu, weye atakurudisha nani?" Machozi yake yakadondoka palipokuwa na shavu la mwanawe, yakapenya moja kwa moja mpaka kwenye saruji. "Na mikarafuu imekwenda, mwanangu. Nami miguu ndiyo hii. Nimemuuliza kazi yake, kasema mkataba ni wa miaka mitatu. Miaka mitatu si mingi. Vumilia. Ukiisha, ataondoka, nawe utainuka. Eti?"

Haroub akang'ang'ana kuitikia. Kichwa hakikutikisika.

Yule akaacha kutafuna. Hakugeuka. Akalamba vidole kimoja kimoja, na Haroub akalamba hewa, kidole kwa kidole.

"Mama," akasema yule, kwa sauti nzuri ya mtoto aliyesomeshwa. "Nilisahau kukwambia habari njema. Leo wamenithibitisha."

Bi Mwanapili akainuka taratibu. "Wamekuthibitisha vipi?"

"Mkataba umefutwa. Nimepewa ajira ya kudumu."

Ukutani mdomo wa Haroub ukafunguka, ukafungika, bila sauti: ya kudumu.

Nyumba ya pili walisikia. Kuta zetu za kijiji zinajulikana. Wakaanza kupiga vigelegele kule kwao, kimoja, viwili, vitatu, na jirani mkubwa akaita kwa nguvu, "Bi Mwanapili! Mbona hatukusikii weye, mama wa mwenye kazi?"

Yule akageuza uso, akamtazama mama, akangoja.

Bi Mwanapili akaweka kiganja mdomoni. Akapiga kigelegele.