Mahali Alipozaliwa Mama

Kila siku baada ya masomo, Leokadia alipitia sokoni Kibondo kumsaidia mama yake kufunga biashara. Mama yake, Theodosia Ndayikunda, alinunua maharage kwa wakulima wa Mabamba na Kumsenga na kuyauza kwa jumla. Kazi ya Leokadia ilikuwa kuchambua mawe na mapepe, kisha kushona midomo ya magunia kwa sindano kubwa na uzi wa katani. Alikuwa darasa la sita, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya vibarua wengi.

Mwaka huo wa 2015 biashara ilichelewa kufungwa kila jioni, kwa sababu watu walikuwa wengi pale kibandani. Hawakuja kununua maharage. Walikuja kumpongeza Mama Leokadia. Alikuwa ameshinda kura za maoni ndani ya chama chake, na sasa chama kilimteua agombee ubunge.

"Bado sijawa mgombea," mama aliwajibu wote. "Chama kimeniteua, lakini lazima nijaze fomu, niirudishe kwa msimamizi wa uchaguzi, naye aikubali. Ikikosewa, safari inaishia hapohapo mlangoni."

Meneja wake wa kampeni alikuwa Mzee Haidari, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa barabara. Yeye ndiye aliyemweleza Leokadia masharti yenyewe. Mgombea ubunge sharti awe raia wa Tanzania. Awe ametimiza miaka ishirini na moja. Ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Awe mwanachama wa chama cha siasa kilichomteua. Tena adhaminiwe na wapiga kura wasiopungua ishirini na watano, walioandikishwa katika jimbo lilelile analogombea.

"Mbona wachache hivyo, babu?" Leokadia aliuliza. "Hapa sokoni pekee wanafika mia."

"Wachache, ndiyo, lakini wawe halali," alijibu Mzee Haidari.

Leokadia aliliona jambo hilo kwa macho yake. Bi Mwajabu, rafiki wa mama wa siku nyingi, alikuja na kadi yake mpya ya mpiga kura akitaka kuwa wa kwanza kutia sahihi. Mama aliigeuza kadi, akaitazama, akamrudishia.

"Dada yangu, wewe umejiandikisha Kasulu."

"Si nilikuwa huko kwa binti yangu wakati mashine za kuandikisha zinapita! Lakini mimi ni mtu wa hapa, kila mtu ananijua."

"Nakujua kuliko wote. Lakini kura yako iko Kasulu, na Kasulu si jimbo hili. Niombee tu."

Bi Mwajabu alinuna kidogo, halafu akacheka, akaketi kuwasaidia kuchambua maharage.

Shuleni mambo hayakuwa matamu hivyo. Miezi ile watu wengi walikuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kukimbia machafuko, na malori yaliyowabeba kuelekea kambini yalipita karibu na shule. Siku moja wakati wa mapumziko lori moja lilipita likiwa limejaa akina mama, watoto na magodoro. Pasikali, mvulana wa darasa lao, alilinyooshea kidole.

"Leokadia, kamwambie mama yako awahi. Wenzake wanamwacha!"

Wanafunzi kadhaa walicheka. Pasikali alikuwa mpwa wa Bwana Ildefonsi, mgombea wa chama kingine, na nyumbani kwao habari za uchaguzi zilizungumzwa asubuhi na jioni.

Leokadia alimsogelea. "Mama yangu ni Mtanzania!"

"Mtanzania wa wapi? Jina lenyewe Ndayikunda. Kazaliwa Burundi huyo, na Mrundi hawezi kuwa mbunge."

"Muongo! Mama yangu kazaliwa Kasulu. Hospitalini kabisa! Hata kwenye fomu ameandika hivyo."

Pasikali alikwenda zake. Wanafunzi wakatawanyika. Leokadia alikwenda bombani kunywa maji. Alijua vizuri kwamba mama hakuzaliwa Kasulu. Na ile fomu ilikuwa haijajazwa bado.

Jioni ile waliketi mezani nyumbani. Mama alijaza fomu kwa mwandiko wake wa duara, Mzee Haidari akimsomea maelekezo, na baba, Melkiadi, aliyekuwa amerudi kutoka shambani Kumsenga, akikagua namba za kadi za wadhamini. Walipofika penye maneno "mahali pa kuzaliwa", Leokadia aliinama juu ya bega la mama.

"Mama, andika Kasulu."

Mama aligeuka. "Kwa nini?"

"Umekulia Kasulu. Umesoma Kasulu. Baba alikuoa ukiwa Kasulu. Nani atajua?"

Mzee Haidari alikuna kidevu. "Mtoto hajakosea sana, Mama Leokadia. Siku hizi watu wana maneno. Ukiandika Burundi, fomu itabandikwa ubaoni, kila mtu ataisoma. Unawapa wapinzani fimbo ya kukuchapia."

Mama aliweka kalamu chini. "Mama yangu alinivusha mpaka mgongoni mwaka 1972, sijaota hata jino moja. Nchi hii ikanilea. Nilipokuwa mtu mzima niliomba uraia, nikasubiri, nikahojiwa, nikapewa cheti. Sikuuiba. Sasa nimwonee haya nani?" Akamtazama Mzee Haidari. "Kesho nitasimama mbele ya hakimu niape kwamba yote yaliyomo humu ni kweli. Nikiandika Kasulu, mkono huo wa kuapa nitauinuaje?"

Mzee Haidari akamsogezea kalamu. Mama akaandika: Ruyigi, Burundi. Mbele kidogo, penye uraia, akaandika kwamba ni raia wa Tanzania kwa kuandikishwa, na akaweka nakala ya cheti.

Leokadia alitaka kusema aliyoyatamka shuleni. Badala yake akapanga karatasi mezani. Alijiambia kwamba maneno ya watoto hayafiki kwa wakubwa.

Siku ya uteuzi ilikuwa Ijumaa. Fomu zilitakiwa kurudishwa kabla ya saa kumi jioni, lakini mama alifika ofisini asubuhi. Msimamizi wa uchaguzi alikagua tamko la hakimu, picha, stakabadhi ya fedha za dhamana na majina ya wadhamini, akiyalinganisha na daftari la wapiga kura. Mwisho akasema, "Fomu yako imekamilika." Saa kumi ilipopita, fomu za wagombea wote zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi.

Kesho yake, Jumamosi mchana, mjumbe alifika nyumbani na bahasha. Mama aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Bwana Ildefonsi ameniwekea pingamizi," aliwaambia. "Ni haki yake. Mgombea yeyote anaweza kumpinga mwenzake, ilimradi aandike sababu na kuwahi muda." Akaendelea kusoma, halafu sauti yake ikapungua. "Anasema mimi si raia. Tena anasema nimetoa maelezo ya uongo, kwamba nimeandika nilizaliwa Kasulu. Anasema binti yangu mwenyewe ametamka hivyo mbele ya wanafunzi wenzake."

Leokadia alisogea akaiona barua. Maneno yake ya uwanjani yalikuwa yamefika kwa wakubwa, na sasa yalikuwa yamepigwa chapa kwenye karatasi yenye sahihi.

"Ni kweli, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nilisema mimi. Pasikali alinicheka, nikasema uongo. Nisamehe. Nitakwenda kumwambia msimamizi kwamba kosa ni langu, si lako."

Baba aliguna, akataka kusema neno, lakini mama aliinua mkono kumzuia. Akamgeukia binti yake.

"Umenikosea, na umejikosea mwenyewe," alisema. "Lakini msimamizi hajakuuliza wewe. Ameniuliza mimi, nami nitamjibu kwa maandishi kama sheria inavyotaka. Wewe utajibu pale ulipowaambia watu uongo."

"Darasani?"

"Darasani."

Mama aliandika majibu yake siku hiyohiyo. Msimamizi alipowaita wagombea wote wawili, Leokadia na baba yake waliketi kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kila neno lilisikika.

"Bwana Ildefonsi," alisema msimamizi, "unasema mwenzako ameandika alizaliwa Kasulu. Umeisoma fomu yake?"

"Habari ninazo, mheshimiwa. Zimetoka kwa mtoto wa nyumba yake."

"Sikuulizi habari. Nakuuliza fomu. Tangu Ijumaa jioni iko ubaoni. Umeisoma?"

"Niliandika pingamizi mapema," Bwana Ildefonsi alisema polepole. "Nilihofia muda usinipite."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Hapa pameandikwa Ruyigi, Burundi. Uraia, wa kuandikishwa. Na hiki ni cheti chake, nimekihakiki. Sheria inamtaka mgombea ubunge awe raia wa Tanzania. Haisemi lazima awe amezaliwa hapa. Kama angeandika Kasulu, leo tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, kwa sababu ameapa mbele ya hakimu. Lakini ameandika ukweli. Pingamizi limekataliwa. Usiporidhika, unaweza kukata rufaa kwa Tume ya Uchaguzi."

Leokadia alimshika baba yake mkono, akaubana.

Bwana Ildefonsi alipotoka nje alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kofia yake. Kisha akamgeukia mama, akampa mkono. "Mwidiwe, Mama Leokadia," alimsalimia kwa Kiha. "Nilisikia maneno, nikayakimbilia. Sitakata rufaa. Tutakutana majukwaani."

"Karibu sana," mama alijibu. "Uje na hoja, nami nitakuja na zangu."

Jumatatu somo la Uraia lilikuwa la Mwalimu Omary. Alikuwa ameandika ubaoni "Sifa za mgombea" na kuanza kuwauliza wanafunzi, Leokadia aliponyoosha mkono.

"Ndiyo, Leokadia. Sifa ya kwanza?"

"Mwalimu, sina jibu. Nina jambo la kusema." Alisimama. "Wiki iliyopita niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu alizaliwa Kasulu, na kwamba ameandika hivyo kwenye fomu. Nilisema uongo. Alizaliwa Ruyigi, Burundi, na ndivyo alivyoandika. Ni Mtanzania kwa cheti. Nilidanganya kwa sababu nilichekwa, nikaona aibu."

Pasikali alitazama dawati lake, akikwangua mbao kwa ukucha. Kisha naye akasimama bila kuitwa.

"Mimi ndiye niliyemcheka, mwalimu. Na mimi ndiye niliyemwambia mjomba. Mjomba amenigombeza sana." Akamgeukia Leokadia. "Samahani. Lile neno la lori halikuwa zuri."

Mwalimu Omary aliweka chaki mezani, asiwakemee.

"Kaeni," alisema. "Leo nilitaka niwafundishe masharti ya kugombea, na nyinyi wawili mmenitangulia. Sikilizeni. Masharti yale hayakuwekwa ili kumtafutia mtu aibu. Yamewekwa ili mpiga kura ajue anayemwomba kura ni nani. Mgombea anaulizwa alizaliwa wapi, ana umri gani, akina nani wanamdhamini. Akisema kweli, sheria yenyewe inasimama kumtetea, kama ilivyomtetea mama yake Leokadia. Akidanganya, hata kwa jambo ambalo lisingemdhuru, uongo huo ndio unaomtoa."

Akafuta chaki mikononi. "Na si kwa wagombea tu. Leokadia, kuzaliwa Ruyigi hakukuwa kosa la mama yako. Ulilificha jambo lisilo na kosa, ukatengeneza kosa lako mwenyewe. Pasikali, ulibeba neno usilolihakiki, ukampelekea mtu mzima, akaaibika mbele ya ofisi. Semeni mnalolijua kuwa kweli, hata mkichekwa. Kicheko kinakwisha mapumziko yakiisha."

"Mwalimu," Pasikali aliuliza, "kwa hiyo hata mimi nikikua naweza kugombea?"

"Timiza miaka ishirini na moja kwanza. Na ujue kusoma na kuandika, maana imla yako ya juzi ilinitia wasiwasi."

Darasa zima lilicheka, Pasikali akacheka zaidi ya wote. Leokadia alifungua daftari lake akaanza kunakili yaliyokuwa ubaoni. Kengele ya mapumziko ilipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya lori, alitoka nje na wenzake bila kutafuta pa kujificha.