Kijiko cha Mafuta ya Kondoo

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Simaloi aliteremka kutoka miteremko ya Mlima Meru akiwa na kibuyu cha maziwa mgongoni. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na mji wa Arusha ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa na boma jeupe la askari, safu moja ya maduka ya Wahindi, Mto Themi na matope. Kati ya hivyo vyote, matope ndiyo yaliyokuwa mengi zaidi. Simaloi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alilijua kila jiwe la njia ile.

Maziwa aliyapeleka kwa Mama Kanku, mke wa Premji mwenye duka la nguo. Jikoni mwa Mama Kanku, nyuma ya duka, ndimo Simaloi alimojifunza mambo ambayo hakuna msichana mwenzake wa Kiarusha aliyeyajua. Alijifunza kuchambua dengu na kutoa vijiwe. Alijifunza kusukuma chapati, ingawa za kwanza zilikuwa na pembe kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Alijifunza kutwanga majani ya dania na pilipili mbichi ili kupata chatini, na kuchanganya ndimu na chumvi na manjano, kisha kuzianika juani ndani ya mtungi hadi ziwe achari. Mama Kanku hakuwa mkali. Chapati ikiungua, aliila yeye mwenyewe na kusema kwamba hata nguruwe pori wa Momela wangeikataa.

Jiko lile lilikuwa na sharti moja tu. Nyama haikuingia humo, wala samaki, wala yai, wala mafuta ya mnyama aliyechinjwa. Maziwa na samli viliruhusiwa kwa sababu ng'ombe huvitoa akiwa hai. Simaloi alinawa mikono mlangoni kila alipoingia. Siku ya kwanza alicheka na kuuliza mtu anaishije bila nyama. Mama Kanku alimweleza kwamba mama yake, na bibi yake, na wote waliowatangulia, hawakuwahi kuonja kitu kilichouawa. Alipoagana nao kuja nchi hii, hakubeba kitu kingine cha thamani ila hicho. Simaloi akaacha kucheka, na tangu siku hiyo alilishika sharti lile kama lake.

Masika yalipoanza, Mama Kanku alijifungua mtoto wa kike. Mtoto hakulia. Premji alimzika kando ya mto pamoja na wanaume wawili wa madukani, na aliporudi alifungua duka, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Mama Kanku alijilaza akiutazama ukuta. Hakutaka kula. Premji alijaribu kumpikia wali, akauunguza. Akajaribu uji, ukawa mgumu kama udongo wa kukandika nyumba. Mwishowe alimwita Simaloi, akamwomba ampikie mkewe, maana hakuna mwingine aliyeyajua mapishi yale. Simaloi alipika dengu vizuri kabisa. Mama Kanku alionja vijiko viwili, akashukuru, akaisukuma sahani kando. Ikawa hivyo kila siku. Mikono yake ilikonda hadi bangili zikawa zinateleza na kuanguka, na Simaloi alianza kuogopa kwamba asubuhi moja angefika na maziwa yake na kumkuta amekufa.

Mwezi huohuo, mke wa Lemburis, mjomba wake Simaloi, naye alikuwa amejifungua. Kama ilivyo desturi ya Waarusha, kondoo alichinjwa kwa ajili ya mzazi, na mafuta yake yakayeyushwa na kuwekwa kibuyuni ili anywe kidogo kidogo. Hazikupita wiki mbili, mama huyo akawa anatembea uani na kugomba na kuku. Nasieku, mama yake Simaloi, ndiye aliyekuwa akimhudumia.

"Yeyo," Simaloi alimwita mama yake, "na mzazi ambaye mtoto wake amekufa, naye hupewa mafuta?"

"Huyo ndiye hupewa zaidi," Nasieku alijibu. "Hana cha kumfurahisha. Mwili utapata wapi nguvu?"

Basi Simaloi alichota mafuta yale, akayatia katika kibuyu kidogo, akakificha chini ya shuka lake. Tusimsingizie kwamba alilisahau sharti. Alilijua vizuri. Alijiambia kwamba sharti ni la watu wazima wenye afya, na kwamba mgonjwa hachagui dawa. Mtu akitaka kufanya jambo asiloruhusiwa, sababu huwa hazimwishii.

Siku hiyo alipokaanga bizari na mvuje kwa ajili ya dengu, badala ya samli alitia kijiko cha mafuta ya kondoo. Mvuje una harufu kali, nao ulifunika kila kitu. Mama Kanku alionja. Alionja tena. Kisha akala sahani nzima, na Simaloi akatoka nje na kusimama kwenye mvua kwa furaha.

Alifanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne Mama Kanku alikuwa ameketi mkekani, amechana nywele zake. Alimwambia Simaloi aje karibu, akamshika mkono.

"Nilikuwa nimekwisha, mwanangu," alisema. "Mungu amenirudishia nguvu kwa chakula safi cha mikono yako. Kesho tutapika dengu katika chungu hichohicho. Nitakiweka chakula mbele ya Mungu kwanza, kwa ajili ya yule mtoto, halafu ndipo tule."

 Simaloi alitazama pembe ya chumba, palipokuwa na taa ndogo na picha iliyovikwa maua. Hakuna aliyejua. Akinyamaza, Mama Kanku ataendelea kupona, naye ataendelea kuitwa mwanangu. Lakini chungu kile kitawekwa mbele ya Mungu wa Mama Kanku kwa jina la mtoto aliyekufa, na Mama Kanku atainamisha kichwa akidhani anatoa kitu safi. Simaloi aliona kwamba hilo hawezi kuliacha litokee.

Akapiga magoti. "Mama, si chakula safi. Nilitia mafuta ya kondoo. Siku tatu."

Mama Kanku hakuelewa mara moja, au hakutaka kuelewa. Simaloi akarudia. Pole pole mkono ulioushika mkono wake uliachia. Mama Kanku alijikokota hadi uani, akajaribu kutapika, ingawa hapakuwa na kitu tena cha kutapika. Kisha alikaa chini kwenye matope, mwanamke yule ambaye hata sakafu ya jiko aliifagia mara tatu kwa siku, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia hivyo hata siku mtoto alipozikwa. Premji alikuja mbio kutoka dukani. Aliposikia habari alikitupa chungu nje, akamwambia Simaloi aende kwao na asirudi.

Njia ya kurudi mlimani ilikuwa ileile, lakini siku hiyo Simaloi hakuliona jiwe hata moja. Alimweleza mama yake kila kitu. Alitarajia fimbo. Nasieku hakumchapa.  Alimuuliza kama Mama Kanku angekula tena baada ya habari ile. Simaloi akasema hajui, ila alidhani hatakula.

Ni kweli, hakuwa akila. Nasieku na Simaloi walipofika kesho yake, Premji aliwaambia mlangoni kwamba mkewe amekunywa maji tu, na kwamba ameugeukia ukuta tena. Hakutaka kuwaruhusu kuingia. Nasieku alimwambia kwamba hawakuleta chakula. Wamekuja kuomba radhi tu, na radhi haiombwi kwa kutuma mtu. Premji akawapisha.

Nasieku aliketi chini kando ya mkeka. Alisema kwamba kosa la mtoto ni la mzazi wake, akaomba msamaha. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameuliza katika nyumba ile.

"Kwenu, mzazi hupewa nini apate nguvu?"

Mama Kanku alijibu bila kugeuka.  Alisema kwamba kwao humkaangia mzazi unga wa ngano kwa samli nyingi, wakatia sukari guru na tangawizi kavu, akala kila asubuhi kwa siku arobaini.

"Mbona hukuomba upikiwe?"

"Chakula hicho hupikwa mtoto akilia ndani ya nyumba," Mama Kanku alisema. "Kwangu hakuna aliyelia. Niliona haya kukiomba."

Nasieku akafunika uso kwa shuka. Wanawake wawili wale, ambao kwa miaka miwili walikuwa wamejuana kwa biashara ya maziwa tu, walilia pamoja, na Simaloi akalia pale mlangoni.

Siku hiyohiyo Nasieku alinunua chungu kipya ambacho hakijawahi kupikiwa kitu. Alikusanya maziwa ya ng'ombe wake, akayatikisa katika kibuyu ambacho hakijawahi kuguswa na mafuta ya kondoo, akapata siagi, akaiyeyusha ikawa samli. Unga, sukari guru na tangawizi vilikuwa pale pale nyumbani kwa Premji. Samli ilipofika, Premji mwenyewe aliukaanga ule unga huku mkewe akimwelekeza kutoka mkekani, na kwa mara ya kwanza hakuunguza. Mama Kanku alikula kidogo, akilia. Kesho yake alikula zaidi.

Siku walipopeleka samli ile, wakiwa njiani kurudi mlimani, Nasieku alisimama.

"Simaloi, hukufanya kwa ubaya, nami najua," alisema. "Lakini ulimpa mtu kitu kwa siri, na ukaacha ashukuru kwa uongo. Dawa yake ilikuwa ndani ya maziwa uliyoyabeba wewe mwenyewe kila siku. Ungemuuliza, angekwambia. Ukimpenda mtu, muulize. Na ukikosea, sema upesi kama ulivyosema, hata kama kusema kutakuumiza."

Simaloi aliendelea kupeleka maziwa, lakini aliyaacha barazani. Hakuitwa ndani. Mwezi mzima ulipita hivyo, na huo ndio uliokuwa mwezi mrefu kuliko yote aliyowahi kuishi. Alisikia kinu kikitwanga dania, akanusa chapati, akarudi nyumbani.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimekwisha, Mama Kanku alitoka barazani akiwa amesimama wima. Alisema kwamba siku hiyo alitaka kumwekea mtoto wake chakula mbele ya Mungu, kile ambacho hakikuwekwa siku ile. Akamwambia Simaloi anawe mikono.

Simaloi alipika. Dengu zilipoiva, hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya Mama Kanku, akataja kimoja kimoja kila alichotia chunguni: dengu, maji, chumvi, manjano, bizari, mvuje, tangawizi, samli ya ng'ombe wa mama yake. Basi.

Mama Kanku alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamnyooshea bakuli la sadaka, ili Simaloi alijaze.