Nyanya Nasambu Arudi Sokoni

Kila shule zilipofungwa, Fridah alimaliza kazi za asubuhi mapema ili amfuate nyanyake, Nasambu, soko la Chwele. Alipenda kumsikia akiita wateja, "Njooni! Maharagwe ya mlimani haya, yanaiva upesi!" Wachuuzi wenzake waliangua kicheko. Walikopeshana debe zima kwa neno la mdomo tu.

Likizo hii soko lilipoa. Nyanya alikuwa amekopa kwa simu anunue mbolea, mvua ikachelewa, naye akashindwa kulipa kwa wakati. Mkopeshaji akaanza kuwapigia watu wote ambao namba zao zilikuwa katika simu ya Nyanya: wateja, pasta, hata mwalimu wa Fridah. "Mwambieni huyo mwizi alipe!" Kwa aibu, Nyanya akajifungia nyumbani. Fridah alizikumbuka zile siku za vicheko.

"Nitatupa hii laini," Nyanya alisema. "Wanitafute wasinipate."

"Lakini kukhu, nyanya yangu, si uliwaahidi utalipa?"

Nyanya akaiweka simu mezani.

Fridah alimsihi waende Kitale kwa Jerono, aliyekuwa jirani yao zamani na sasa ni afisa wa mikopo katika chama cha akiba. Jerono alizisoma jumbe za matusi ambazo mkopeshaji alimtumia Nyanya, uso ukamkunjika.

"Mama, deni ni lako, lakini hawa wamevunja sheria. Mkopeshaji haruhusiwi kukutukana wala kuwapigia marafiki zako ili akuaibishe. Tena ni lazima akueleze riba na ada zote kabla hujakopa, naye nyingine alikuficha. Usifute ujumbe hata mmoja. Huo ndio ushahidi wetu."

Wakapeleka malalamiko Benki Kuu, inayowapa wakopeshaji wa aina hiyo leseni. Haikupita muda, simu za matusi zikakoma. Mkopeshaji akaziondoa ada alizozificha, akakubali alipwe kidogo kidogo. Baada ya mavuno, Nyanya alimaliza deni.

Aliporudi sokoni, wenzake walimkumbatia mmoja mmoja. "Ati ulidhani tungekukimbia?" wakamuuliza. Nyanya akapangusa machozi kwa upindo wa leso.

Jioni alimketisha Fridah kando yake.

"Zamani tulijuana kwa sura, na neno likatosha. Siku hizi anayekukopesha humwoni. Kwa hivyo mjukuu wangu, soma masharti kabla ya kukubali. Ukikopa, lipa, maana dawa ya deni ni kulipa. Lakini zijue haki zako pia. Mdai anakudai pesa, hakudai heshima yako."